Daktari Bahizire na nafasi moja ndani ya ndege

Ndugu na majirani mliopita kwenye theluji hii kuja kumsindikiza mzee wetu, asanteni. Tutasoma maisha yake kama yalivyokuwa, pamoja na lile ambalo wengine walituomba tulipite kimya kimya.

Daktari Bahizire Bagula alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Kaziba, Kivu ya Kusini, mtoto wa tatu wa Mzee Bagula, mhunzi, na Mama Ernestina. Alisoma shule ya misheni hapo hapo Kaziba, kisha akaenda Kinshasa kusomea udaktari, akamaliza mwaka 1984. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu hakuwapita wenzake kwa akili, ila alikuwa hajui kuachana na jambo.

Alitumwa kwenye hospitali ndogo ya kanisa katika misitu ya Shabunda, ambako barabara ilikuwa jina tu. Wagonjwa mahututi walisafirishwa kwa ndege ndogo ya wamisionari. Daktari alikaa mbele, kando ya rubani, na kuuliza kazi ya kila kitufe, mpaka rubani akachoka na maswali akamfundisha. Leseni aliipata Nairobi mwaka 1991. Mwaka 1985 alikuwa amefunga ndoa na Nabintu, muuguzi wa hospitali hiyo, na mwaka uliofuata wakampata binti yao Gloire. Clémence, anayewasomea haya, alizaliwa 1992.

Vita vilipokuja, marubani wa kigeni waliondoka na kuziacha ndege porini. Kanisa lilimwomba Daktari azitoe moja moja kabla askari hawajazichukua, azifikishe Kigoma, Tanzania. Ndivyo daktari alivyogeuka rubani wa kuhamisha ndege. Alirusha peke yake na kurudi kwa boti, kwa baiskeli, kwa miguu, kisha akaingia wodini kama mtu aliyetoka sokoni.

Ndege ya mwisho aliirusha Agosti 1998, milio ya bunduki ikiwa imeshafika ng'ambo ya mto. Safari hiyo alichukua familia yake, pamoja na mama mjamzito, Kostansia, ambaye uchungu ulikuwa umemkwamia tangu jana yake na dawa za kumpasulia zilikuwa zimeporwa. Kiwanja kilikuwa kifupi na nyasi zimelowa. Aliwapima wote kwenye mizani ya mchele. Wakazidi. Akawapima tena. Mtu mmoja alipaswa kubaki hadi kesho yake. Kostansia angekufa akibaki, Nabintu ndiye angemhudumia njiani, na Clémence alikuwa mdogo mno; kumshusha kusingepunguza uzito wa kutosha. Aliyebaki ni Gloire, mwenye miaka kumi na miwili, akaachiwa baba yake mdogo, Ganza, ambaye hakuwa miongoni mwa wasafiri.

"Gloire, bakia na Papa Ganza. Kesho asubui niko hapa," alimwambia.

"Ni sawa, Papa. Uniletee Fanta."

Jioni hiyo, wakiwa wameshafika Kigoma, redio ya kanisa ilisema kiwanja kimetekwa na watu wamekimbilia msituni. Asubuhi Daktari aliruka hata hivyo, na Fanta mbili kwenye mfuko wa koti. Alizunguka juu ya kiwanja mpaka risasi zikatoboa bawa, akarudi Kigoma peke yake. Kostansia alikuwa amefariki hospitalini usiku ule ule wa kufika. Mtoto wake alipona, akaitwa Sipriani, na Nabintu akamlea. Lakini Nabintu hakumsamehe mumewe upesi kwa kumwacha Gloire. Kwa miaka miwili alimpakulia chakula bila kumsemesha.

Walikaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka kumi na mitano. Daktari alitibu watu, na swali lake kwa kila mgeni aliyetoka Shabunda lilikuwa moja tu: kama amemwona Gloire. Mwaka 2013 walipokelewa hapa Marekani, mji wa Louisville, mtaa wa Beechmont. Shahada yake haikumsaidia kitu huku. Aliosha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na hakulalamika. Ndani ya friji palikuwa na Fanta isiyoguswa na mtu. Siku moja Sipriani aliinywa. Mzee hakumgombeza; alivaa koti, akapanda basi, akaenda kununua nyingine.

Mama Nabintu alifariki mwaka 2017. Mwaka uliofuata Daktari alisikia kwamba kuna Gloire katika kanisa moja la Columbus, akahama na masanduku yake yote. Huyo alikuwa mzaliwa wa Uvira. Walilia pamoja, na tangu siku hiyo dada huyo alimwita Papa. Mwaka 2021 alisikia habari za Ganza mmoja anayefanya kazi kiwandani Tonawanda, akaja Buffalo. Hakuwa Ganza wetu. Hapo nguvu zilimwishia, akabaki kwa Clémence, Cheektowaga, karibu na uwanja wa ndege. Alikaa dirishani na kuwakosoa marubani namna wanavyoteremka.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na kansa ya tumbo. Siku chache kabla ya mwisho muuguzi alimpima uzito, naye akataka aambiwe kwa kilo. Zilikuwa arobaini na moja. Akasema, "Clémence, leo tungetosha bote mu ndege." Alifariki tarehe 11 Februari 2025, hospitalini Buffalo, huku nyumbani Kivu vita vikiwa vimewaka tena.

Katika kikao cha familia, Mzee Theogene wa kamati ya mazishi alisema, kwa nia njema: "Bon, miaka makumi mbili na sita inapita. Mumuandike Gloire ku bale balikufa, ju mzee apumuzike." Wengi waliitikia kwamba ahesabiwe marehemu. Ndipo Sipriani, ambaye huwa hasemi kitu vikaoni, akasimama. "Mimi njo nilikamata nafasi yake mu ndege. Miye siwezi kumuandika kama alikufa." Programu ya mazishi ikachapwa hivi mnavyoiona.

Daktari Bahizire ametanguliwa na mkewe, Nabintu. Ameacha watoto watatu: Gloire, ambaye hatujui aliko, Clémence wa Cheektowaga, na Sipriani wa Columbus. Ameacha pia wajukuu wanne, na Gloire wa Uvira aliyemwita Papa.

Fanta iko kwenye friji kwa Clémence. Papa, sasa tulia kwa amani. Kumngoja Gloire, tutamngoja sisi.