Sufuria Iliyooshwa Mara Mbili

Benchi lile la nje ya saluni ya kinyozi lilitegemezwa tofali mguu mmoja, na wenyewe waliliita Baraza la Usalama. Asubuhi hiyo wajumbe walikuwa watatu na birika moja la kahawa: Wembe, kinyozi mwenyewe, Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, na Digrii, ambaye chuo alimaliza zamani na hasira bado mbichi. Kesho yake alikuwa na intavyuu: afundishe hadithi fupi mbele ya mkuu wa shule. Akiipata kazi, atahama kochi la shemeji yake. Akiikosa, shemeji ameshasema kochi linauzwa.

— Sikilizeni, wazee wa kazi, Digrii akasema, akikung'uta fotokopi ya hadithi ya kesho. “Mwanawe alipokwisha kuaga, mama akaitwaa ile sufuria safi, akaiosha tena kwa jitimai.” Kwa nini?

— Jitimai ndiyo sabuni gani? Wembe akauliza.

— Huzuni, kaka! Huzuni nzito!

— Si waandike huzuni, yaishe?

— Huzuni unaipata timu yako ikifungwa. Jitimai inahamia kwako na godoro lake. Voilà, umeona!

Sindano akapuliza kikombe.

— Mimi nawajua wanawake, nawapima kila siku. Huyo anasubiri mgeni mwingine. Kijana katoka, sufuria inang'arishwa.

— Mgeni wapi! Wembe akadakia. Huyo anafuta ushahidi. Kaweka sumu.

— Amuue mwanawe wa kumzaa?

— Sumu ilikuwa ya mkwe. Kijana kala kwa bahati mbaya.

— Mkwe hayumo kwenye hadithi!

— Ndiyo maana. Keshakufa.

Digrii akasimama, maana ukweli alikuwa nao yeye, na alikuwa ameulipia ada.

— Plizi! Maji ni utakaso. Sufuria ni tumbo la uzazi. Mama analiosha tumbo lililomtoa mwana. Khalas, ajira yangu hiyo!

— Tumbo linasuguliwa kwa stili waya? Sindano akauliza kwa upole.

Wembe alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani. Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja mgeni, bahasha ya vyeti mapajani, akisubiri duka la fotokopi lifunguliwe.

— Samahani, kaka zangu. Huyo kijana alikula kabla ya kuondoka?

Sindano akamtazama Digrii. Digrii akarudia ukurasa mstari kwa mstari. Mama alipika. Mama alipakua. Kijana aliaga. Basi.

— Haisemi, akajibu taratibu.

Kama alikula, mama anaosha sufuria iliyomlisha mwanawe mara ya mwisho. Kama hakula, chakula chote kakimwaga peke yake, na sasa anasugua sufuria ambayo haikumlisha mwanawe. Digrii alijiona yuko mbele ya madawati, kaliuliza swali hilo, na darasa zima limelipuka kwa ubishi mkubwa kuliko wa benchi hili. Hasira ilimpungua kidogo, akashtuka kuikosa.

— Kesho naingia na swali hilo hilo. Sipeleki jibu. Dada, naliiba.

— Liibe tu, akasema yule dada akinyanyuka, maana duka lilikuwa linafunguliwa. Mimi naomba kazi ya mabomba, si ya ualimu.

— Lakini kesho na sumu uitaje, Digrii, akasema Wembe.