Bi Kimya na Kelele za Hewani: Maisha ya Shangazi Yetu

Ndugu, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza: familia imenituma mimi, mtoto wa kaka yake mkubwa, niwasimulie alivyoishi. Kwetu alikuwa shangazi. Kazini walimwita Bi Kimya, na jina hilo lilimfuata mpaka nyumbani. Hata mume wake alilitumia, hasa alipotaka kumchokoza.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa pili na binti pekee kati ya watoto watatu. Baba yake alikuwa fundi wa simu, mtu wa kupanda nguzo na kuunga waya. Mama yake alikuwa mpishi wa shule. Waliishi katika vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na sebuleni kulikuwa na redio kubwa ya mbao ambayo haikuguswa na mtu isipokuwa baba. Redio hiyo ilikuwa na mikwaruzo isiyoisha. Ndugu zake waliinung'unikia, yeye aliisikiliza mikwaruzo yenyewe. Kabla hata hajaanza shule alikuwa akiitambua mikwaruzo hiyo inatoka kwa nani, akisema huyu ni mchomeleaji, huyu ni mwenye mashine ya kusaga, na huyu ni mama jirani anapiga pasi. Jambo hili la pasi alilisema siku moja mbele ya wageni. Kumbe yule mama alikuwa amemwapia mwenye nyumba kwamba hana pasi, na mwenye nyumba alikuwa mmoja wa wageni.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1965, karibu na kwao, kisha akaendelea na sekondari ya kutwa, ambako darasa la fizikia lilikuwa na wasichana wawili tu. Mwaka 1977 aliingia chuo cha ufundi na kutoka na stashahada ya elektroniki mwaka 1980. Siku ya mahafali baba yake alikuja moja kwa moja kutoka kazini, na buti zake za kupandia nguzo. Alimpongeza, kisha akamwambia, "Mimi nimevuta waya maisha yangu yote. Nikikosea, waya unaning'inia, kila mtu anauona. Wewe unakwenda kwenye kazi isiyo na waya. Ukikosea nani ataona?" Shangazi alicheka siku ile. Miaka ya baadaye alikuwa akiyarudia maneno hayo bila kucheka.

Mwaka 1981 aliajiriwa na mamlaka ya mawasiliano. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzunguka na gari lenye antena juu ya paa, kufuatilia malalamiko ya watu ambao televisheni zao zilijaa chenga au redio zao zilikuwa zikivuma. Mojawapo ya malalamiko hayo lilimpeleka kwenye duka la mikate, ambako mashine ya kukandia unga ilikuwa ikitoa cheche na kuharibu picha mtaa mzima. Alimwagiza mwenye duka abadilishe kipuri fulani. Wiki iliyofuata alirudi kukagua, akaona kimebadilishwa. Akarudi tena. Mwoka mikate anasema ile mara ya mwisho mashine haikuwa na kosa lolote, wala hakuna jirani aliyelalamika, naye hakuuliza kisa cha ukaguzi. Alimkatia mkate tu akamvutia kiti. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa watoto wawili: binti, ambaye sasa ni mfamasia, na mdogo wake wa kiume, mwalimu wa hesabu.

Vifaa vya mtandao vilipozidi kuingia nchini, marehemu alihamishiwa maabara, na baadaye akawa mkuu wake. Sisi watoto wa ndugu zake tuliwahi kupelekwa kuiona. Ni chumba kisicho na dirisha, kuta na dari vimefunikwa sponji zenye ncha kama meno, mlango wake mzito kama wa jokofu la bucha. Katikati kuna meza ya mbao inayozunguka polepole, na juu ya meza hiyo ndipo ruta, kile kisanduku cha kusambaza intaneti, inapowekwa ikiwa imewashwa na inafanya kazi, huku antena ikiisikiliza kutoka kila upande. Alitueleza kwamba kila kifaa cha umeme kinanong'ona hewani, hata kile kisichokusudiwa. Sheria haikukataza minong'ono, iliweka kikomo. Kikizidi hapo, kinafunika sauti za wengine, na wengine hao wanaweza kuwa rubani, polisi au gari la wagonjwa. Kifaa kilichopita kilipewa namba ya idhini na kuruhusiwa kuuzwa. Aliyeingia mle na simu iliyowashwa alitolewa nje bila kujali cheo chake, na hilo ndilo lililompa jina la Bi Kimya.

Hakuiacha kazi ofisini. Alikwenda dukani kununua balbu akiwa na redio ndogo mkobani, akiiwasha karibu na kila balbu kabla hajalipa. Muuza vifaa vya umeme wa mtaani kwake, ambaye naye yupo hapa leo, amesema kila alipomwona anavuka barabara, yeye alizitoa zile balbu nzuri mapema ili foleni isisimame.

Wasifu huu ungeweza kuishia kwenye sifa. Lakini marehemu mwenyewe aliagiza kwamba siku ya maziko yake jambo lifuatalo lisirukwe wala lisipambwe.

Mwaka 2007 kampuni moja ya uagizaji ilileta sampuli ya ruta ya nyumbani, ya bei nafuu. Shangazi aliipima, ikapita vizuri. Wakati wa kuirudisha kwenye boksi aliona kwamba picha iliyochapwa juu ya boksi ilionyesha adapta ya umeme ndogo kuliko ile aliyoipima. Alikusudia kuuliza. Mwagizaji alikuwa akipiga simu kila asubuhi, mkubwa wake alitaka kazi iishe, na yeye alijiambia picha ni picha tu. Akatia saini.

Adapta iliyouzwa madukani ilikuwa ni ile ya kwenye picha. Ilikuwa ya bei rahisi, haikuwa na vichujio vya kuzuia mvumo ndani, na ilivuma kwenye masafa yaleyale yanayotumiwa na redio za magari ya wagonjwa. Moja haikutosha kufanya madhara makubwa. Lakini karibu na kituo cha magari hayo kulikuwa na safu ya maduka, na ruta ile ilikuwa imependwa.

Mchana mmoja mpiga chapa mstaafu alibanwa na kifua nyumbani kwake. Binti yake, fundi cherehani, alipiga simu. Gari lilitoka, na kabla halijafika mbali kituo kikatuma maelekezo mapya kwa redio, kwamba ni barabara ya chini, si ya juu. Dereva alisikia mvumo tu. Walizunguka barabara ya juu wakiulizia, na walipofika kwenye nyumba yenyewe mzee alikuwa ameshakata roho. Daktari alisema pengine angepona, pengine asingepona. Hakuna aliyeweza kusema zaidi ya hapo.

Malalamiko ya kituo yalipofika ofisini, shangazi alikwenda mwenyewe, na antena ya mkononi. Mvumo ulimpeleka kwenye kinyozi aliyekuwa ng'ambo ya kituo. Akamwomba achomoe ruta yake, mvumo ukapungua. Akaenda duka la vitabu la jirani, ukapungua tena. Ghorofani kwa daktari wa meno, vivyo hivyo. Dereva wa ofisi aliyekuwa naye anasema waliporudi kwa kinyozi shangazi aliigeuza adapta ile, akasoma namba ya idhini iliyochapwa mgongoni, akakaa kwenye kiti cha kinyozi kama mteja. Namba hiyo alikuwa ameitoa yeye mwenyewe. Alirudi nyumbani, akachomoa ruta ya sebuleni kwake. Na yeye alikuwa amenunua hiyohiyo, kwa sababu aliiamini.

Ofisini hakuna aliyemlaumu. Mkubwa wake alimtuliza kwamba sampuli ilipita, na maabara hupima kinacholetwa. Aliyedanganya ni mwagizaji. Yote hayo yalikuwa kweli, na sheria ilikuwa upande wake. Lakini kamati ya uchunguzi ilipokaa na kumuuliza kama ana la kuongeza, alisimama akasema, "Niliiona picha kwenye boksi. Nilijua si ile niliyoipima. Sikuuliza, kwa sababu kuuliza kungenichelewesha."

Kampuni ile ilifungiwa na adapta zake zikakusanywa. Shangazi aliondolewa kwenye ukuu wa maabara na kupelekwa kitengo cha mafunzo. Kutokana na maneno yake, kanuni ilibadilishwa, na tangu hapo wakaguzi hununua vifaa madukani kama wateja wa kawaida na kuvipima upya. Wenzake wanaihesabu hiyo kuwa kazi kubwa kuliko zote alizofanya. Yeye hakupenda kupongezwa kwayo. Alisema kanuni nzuri imekuja mzee akiwa ameshazikwa.

Baada ya kamati alikwenda nyumbani kwa fundi cherehani na kumweleza kila kitu uso kwa uso. Yule binti alimsikiliza huku akiendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi, ndipo akamjibu: "Umekuja kutafuta usingizi wako, mama. Mimi sina wa kukupa. Nikikuhitaji, nitakutafuta." Akamfungulia mlango.

Shangazi alilishika neno hilo kama amri. Hakurudi, hakutuma mtu, wala hakupita mtaa ule. Alingoja. Alirejeshwa maabara baada ya muda, akiwa chini ya vijana aliowafundisha mwenyewe, akafanya kazi kwa bidii mpaka alipostaafu mwaka 2018. Alikuwa na furaha zake: wajukuu, duka la mikate alilosaidia kila asubuhi, na kuwakera wauza balbu. Lakini mlango ukigongwa bila kutarajiwa, yeye ndiye aliyewahi kuinuka.

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, ikiwa imeshasambaa. Alitibiwa kwa dawa, kisha madaktari wakashauri apewe nafuu ya maumivu tu. Mume wake, akijua kilichokuwa moyoni mwake, alitaka kumwendea fundi cherehani. Shangazi alimkatalia. Alimwambia, "Mgonjwa akiomba msamaha, mwenzake anakosa pa kukimbilia. Usinifanyie hivyo, mume wangu. Muache awe huru." Mzee wetu alitii, ingawa anasema kutii kule kulimlemea kuliko ugonjwa wenyewe.

Marehemu alifariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Juni 2023, mume wake na binti yake wakiwa kando ya kitanda.

Jana, tukiwa tunapanga viti, aliingia mwanamke mwenye miwani ya kushonea ikiwa imening'inia shingoni. Hatukumjua. Alijitambulisha kwa mwoka mikate, wakakaa jikoni muda mrefu. Alisema hasira yake ilikuwa imekwisha zamani. Alikuwa akimwona shangazi kwa mbali sokoni na kuona haya kumsogelea, akidhani mwenzake ameshasahau na amepata amani yake, naye hakutaka kumrudisha nyuma. Alipoambiwa kwamba alikuwa akingojewa, aliinamisha kichwa. "Ningeambiwa, ningekuja," alisema. "Hata kwa miguu ningekuja."

Wote wawili walikuwa wakioneana huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyowatenganisha.

Marehemu ameacha mume wake mwoka mikate, binti yake mfamasia na mkwe wake, mwanawe mwalimu na mkewe, wajukuu wanne, kaka yake mkubwa, ambaye ni baba yangu, mdogo wake wa mwisho, mashemeji, watoto wa kaka zake, na wapimaji wengi aliowafundisha kuuliza. Tulimuuliza fundi cherehani kama angependa kutajwa katika wasifu huu, na tumwiteje. Alifikiri kidogo, akasema hana cha kuitwa. "Andikeni tu kwamba nilikuja," alisema.

Alikuja, shangazi. Pumzika sasa, kwa amani uliyokuwa ukiingojea.