Mzee Nyange na Uji wa Kabla ya Kidonge

Tarehe 31 Disemba 1947, Mzee Nyange Mabruki anavua koti lake jeupe baada ya miaka ishirini na mitatu ya kuuza dawa katika duka la Bwana Hakimuddin, hapa Wete. Mteja wa aspirini huulizwa kwanza amekula nini. Akijibu chai, hapewi kitu, na wako watu wazima na ndevu zao waliorudishwa nyumbani wakale muhogo.

Ukali huo aliupata ukweni. Ramadhani ya mwaka 1934 alimpelekea mama mkwe wake, Bi Kazija wa Gando, aspirini za maumivu ya magoti, akasahau kumweleza namna ya kuzimeza. Bi Kazija amekulia dawa za mizizi, na hizo hunywewa tumbo tupu ndiyo zishike. Basi magharibi ilipoadhiniwa aliacha tende, akaacha uji, akafuturu aspirini, tena mbili, bila maji. Haikufika tarawehe tumbo linawaka moto. Akatuma watu Wete wamchukue binti yake, Mgeni, mke wa Mzee Nyange.

"Mwanangu harudi kwa ntu aliyetaka kunchoma matumbo!" alisema, na Gando nzima ikasikia.

Mzee Nyange alikonda. Tulimcheka, lakini tulimhurumia pia, maana alimpenda sana mkewe, na mchuzi aliojipikia mwenyewe haukulika. Tumbo la Bi Kazija lilipopoa kabisa, alikwenda Gando wakati wa futari, akaomba radhi na kueleza kuwa dawa hii hutaka chakula chini yake. Bi Kazija akamwamuru aanze yeye. Akala uji, akameza kidonge kimoja kwa gilasi nzima ya maji, na mkwewe akamkodolea macho mpaka isha. Alipoona hafi, naye akala, akameza kimoja. Tumbo likanyamaza, magoti yakaacha kuuma. Siku ya Idi Bi Kazija alimrudisha Mgeni Wete mwenyewe, na tangu hapo Gando hamezi mtu aspirini kabla Bi Kazija hajamwona anatafuna.

Mzee Nyange, kwa matumbo yote uliyoyanusuru, ahsante sana. Wateja watashangilia wiki moja, kisha watakutafuta. Watakukuta Gando, maana juzi Bi Kazija alikuja dukani kukuombea ruhusa kwa Bwana Hakimuddin leo uondoke mapema. Amekukatia kiwanja ubavuni mwa nyumba yake, na amesema dawa zake hapokei tena kwa mkono wa mtu mwingine.

Nenda salama, Mungu akupe umri, afya na shibe.