Mama Herieli na Kiu ya Redempta

Tarehe 30 Juni 1985 Muuguzi Bernadina Paskasi, Mama Herieli wetu, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi, mingi kati yake hapa hospitali ya Babati. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike mambo ya kufurahisha. Nitajitahidi, ila wasinilaumu.

Ya kufurahisha yapo. Gari letu la wagonjwa lilipowekwa juu ya mawe kwa kukosa matairi, Mama Herieli alisimama katikati ya barabara ya Dodoma, akasimamisha lori la mahindi, akampakia mjamzito mwenye uchungu mbele na utingo akahamia juu ya magunia. Dereva aliyerudi kesho yake kulalamika aliondoka amepimwa presha na kukaripiwa kwa ulevi.

Lakini siwezi kumuaga bila kumtaja Redempta wa kijiji cha Bonga.

Mtoto huyu alizaliwa na njia ya mkojo yenye kasoro, na hakuna aliyejua. Walichojua ni kwamba anakojoa kitandani, na dawa ya hilo kila nyumba inayo: mtoto anyimwe maji tangu mchana, na asubuhi ajitwishe blanketi lake, azungushwe kwa majirani wamcheke. Miaka yote hiyo mkojo unarudi nyuma na kuharibu figo, na watu wazima na akili zao wanacheka. Alipoletwa kwetu uso umevimba, figo zote mbili zilikuwa zimekwisha.

Mama yake alisema apasuliwe yeye, atoe figo moja ampe mwanawe. Upasuaji huo haufanyiki nchini. Wa nje unataka fedha za kigeni, na tulijibiwa kwamba hazipo. Wiki hiyo hiyo mkubwa mmoja alirudi kutoka Ulaya na redio mpya. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Figo zikifa, maji hujaa mwilini. Kwa hiyo mtoto aliyenyimwa maji nyumbani, nasi tukamnyima. Mama Herieli alikuwa akimlowanisha midomo kwa pamba, Redempta akamwamkia, kisha akasema: “Mama, siku hizi sikojoi tena kitandani. Sasa naruhusiwa kunywa?”

Mama Herieli alichovya pamba nyingine, akamlowanisha midomo tena. Tulimzika mtoto Jumamosi.

Tangu hapo hakuna ibada Bagara, Singe wala Bonga iliyokwisha bila Mama Herieli kusimama, padri apende asipende, na kuwaambia wazazi wasimcheke mtoto anayekojoa, bali wampe maji na kumleta apimwe. Elibariki wa Singe aliletwa mapema, akapasuliwa hospitali ya rufaa, na leo anasumbua darasa zima kwa afya yake.

Asante, Mama Herieli. Nenda kalime maharage yako kwa raha, na Mungu akupe miaka mingi ya kutukaripia. Zawadi ya mbuzi ameikataa. Ameomba jambo moja tu: kwenye sherehe, kabla ya hotuba, watoto wapewe maji kwanza, wanywe mpaka watosheke. Mgeni rasmi atasubiri.