Mstari Mwekundu Kwenye Makali

Benchi la kijiwe kile cha kahawa lilikuwa mlango. Mlango wa chuma kabisa, uliotengenezwa na fundi Tabaka miaka ile alipokuwa bado anatengeneza milango, ukakataliwa na mwenye nyumba kwa sababu ulikuwa mpana kuliko tundu la ukuta. Tabaka akaulaza juu ya rimu mbili za lori nje ya karakana yake, na tangu siku hiyo umekaliwa na watu wengi kuliko ambao wangepita ndani yake. Kitasa hakijang'olewa, anayechelewa kufika ndiye anayekikalia. Watu huja hapo na swali moja, wakaondoka na majibu manane, na swali lenyewe hawalikumbuki tena. Asubuhi hiyo walikuwepo watatu wa kila siku. Wakili, ambaye ni fundi cherehani aliyeitwa mahakamani mara moja tu kutoa ushahidi wa bata aliyeibiwa, akarudi na jina. Daktari, anayetibu redio, ingawa nyingi humfia mikononi. Na Wembe, kinyozi, kaka wa mke wa Tabaka. Mzee Birika, muuza kahawa, alikuwa ameshawamiminia kikombe cha kwanza. Tabaka mwenyewe alisimama mbele yao na kitambaa cheupe mikononi, kama mtu anayepokea mtoto kwa mkunga, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kisu cha jikoni.

Tusimwonee mtu: kisu kilikuwa kizuri. Matabaka ya chuma na shaba, yaliyochomwa na kupigwa nyundo mpaka yakashikana, yalikuwa yametoa mawimbi ubavuni, mekundu na ya fedha, kama maziwa yanapomwagwa kwenye chai kabla hayajakorogwa. Mpishi mkuu wa hoteli kubwa ya juu barabarani ndiye aliyekiagiza, na angekuja kukichukua saa nne. Akikipenda, ataagiza vingine kumi na viwili vya jiko zima. Tabaka alikuwa na hakika na hilo kiasi kwamba alishafuta kibao cha karakana. Pale palipoandikwa MAGETI, MADIRISHA NA VITANDA sasa paliandikwa VISU VYA MATABAKA, ingawa vitanda bado vilionekana kwa chini ukiangalia kwa ubavu. Geti la shule nzima alilikataa wiki iliyopita. Alimwambia mwalimu mkuu kwamba mikono yake imehama.

Lakini Tabaka alikuwa na jambo alilolificha tangu jana. Kisu cha namna hiyo katikati kina kiini cha chuma kigumu, na kiini hicho peke yake ndicho kinachokata. Matabaka ya pembeni ni nguo tu ya kuvaa. Ukikisaga sawasawa pande zote mbili, kiini kinatokeza kwenye makali mwanzo hadi mwisho. Tabaka alikuwa amesaga huku akiyakodolea mawimbi macho. Upande mmoja ukaliwa kuliko mwenzake, kiini kikakaa pembeni, na katikati ya makali, urefu wa vidole vitatu, shaba nyekundu ikachungulia. Shaba haikati. Shaba hata siagi huiomba ruhusa. Basi badala ya kukirudisha motoni, Tabaka alikipiga msasa laini, akakipaka mafuta, akakifunga kitambaa.

— Huu mstari mwekundu huku chini ni wa nini? aliuliza Wembe, kikombe hakijafika hata mdomoni.

— Urembo, shemeji. Nimeuweka makusudi.

Angeweza kuishia hapo. Lakini kwenye benchi lile hakuna neno linaloachwa liende peke yake bila kusindikizwa.

— Makusudi, bila shaka, alidakia Wakili. Huo ni saini. Kisu kikiibwa, kesi inaanzia hapo. Hakimu anauliza, una alama gani? Unasema, mstari mwekundu, mheshimiwa, vidole vitatu. Kesi imekwisha, mwizi ndani.

— Na bata wako alikuwa na mstari? aliuliza Wembe.

— Hatuzungumzii bata.

Daktari alikiomba kisu, akakishika kwa ncha ya kitambaa, akakisogeza sikioni. Watu walisubiri. Mzee Birika aliacha kumimina.

— Wakili umekosea, alisema Daktari. Hii ni shaba, na shaba inapitisha umeme, hilo halina ubishi, nyaya zote zilizomo kwenye redio ni shaba. Sasa jiulizeni, kitunguu kinaliza watu kwa nini?

— Kwa sababu ni kikali, alisema Wembe.

— Kwa sababu kina umeme. Umeme mdogo sana. Ukikipasua unaruka, unaingia machoni. Kisu cha kawaida hakina pa kuupitisha. Hiki kinaunyonya kupitia mstari, unashuka kwenye mpini, unaingia mkononi, unaishia kwenye kandambili. Mpishi hatoi chozi hata moja. Tabaka, si ndivyo?

Tabaka alikuwa amefungua mdomo kusema kweli, au karibu na kweli. Alikuwa hajawahi kufikiria habari ya umeme. Lakini Daktari alimtazama kwa heshima, na Tabaka hakuwahi kutazamwa hivyo na mtu yeyote wakati wa mageti.

— Ni kitu kama hicho, alisema.

— Kitu kama hicho, Wembe aliyarudia maneno yale taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki. Na dada yangu amekijaribu? Kwa nyanya hata moja?

— Dada yako alitaka. Nikamwambia asubiri, nyanya ina maji makali, itaharibu rangi.

— Kwa hiyo yeye anaendelea na kile kisu cha mpini uliofungwa mpira wa baiskeli.

— Kile kinamtosha, shemeji. Amekizoea.

— Amekizoea kwa sababu kinakata, alisema Wembe, akanywa kahawa yake.

Wakili hakupenda mambo ya ndani ya nyumba kuingizwa kwenye sayansi. Alijivuta mbele kwenye mlango, akapandisha suruali magotini.

— Nyie mnaongelea kitunguu. Ngoja niwaambie jambo ambalo fundi kwa adabu yake hawezi kulisema. Matabaka mangapi, Tabaka?

— Sitini na saba.

— Sitini na saba. Kila tabaka lina chakula chake. Tabaka la kwanza linajua karoti. La pili, kabichi. Huko ndani zaidi kuna nyama, kuna mifupa. Sasa huo mstari mwekundu ndiyo akili yenyewe. Unahisi kinachokuja. Kikija kidole cha mtu, kisu kinagoma. Hakikati.

— Hakikati, alisema Wembe.

— Kidole hakikati.

— Hapo Wakili nakuunga mkono kwa mikono miwili. Hapo kwenye mstari hakikati.

Tabaka aliangalia pembeni, barabarani, ambako hapakuwa na kitu cha kuangalia. Kinyozi ameshika wembe miaka ishirini. Anajua makali kwa kuyasikiliza tu yanapopita kwenye ndevu. Tabaka aliomba moyoni shemeji yake anyamaze, na wakati huohuo aliomba aseme, yaishe.

— Mimi nitawaambia kitu lakini msikitangaze, alisema Daktari, naye hajawahi kusema neno asilotaka litangazwe. Nilipokiweka sikioni nilisikia sauti. Mbali sana. Ukikilaza dirishani, mpini uelekee kwenye mnara wa simu, hiki kinaweza kushika taarifa ya habari.

— Bila betri? aliuliza Mzee Birika, ambaye kwa kawaida haulizi.

— Betri ya nini wakati kuna kitunguu?

Hapo hata Tabaka alikaa wima. Jambo la ajabu lilikuwa likimtokea. Kosa lililomkosesha chakula jana lilikuwa limevaa koti, limevaa viatu, sasa linatembea mbele yake kama mkubwa. Alianza kujiuliza kama kweli alikosea. Pengine mkono ulijua kuliko macho. Alikuwa anafikiria bei.

Ndipo akaja mwanamke mfupi, kandambili miguuni, kapu la plastiki begani. Alisimama mbele ya benchi akasoma kibao, na kwa namna alivyoinamisha kichwa ilionekana amevisoma na vitanda.

— Habari za hapa?

— Nzuri, mama, alisema Wakili. Ila utatuwia radhi. Kama ni sufuria limetoboka, lilete kesho. Leo fundi ana mgeni mkubwa. Mpishi mkuu wa hoteli.

— Ndiye mimi.

Wakili alisogea mpaka akakalia kitasa. Walikuwa wanamsubiri mwanamume mrefu mwenye gari na kofia ndefu. Mzee Birika alipangusa kikombe mara mbili, jambo ambalo wengine hawakuwahi kufanyiwa hata mara moja. Mama aliketi, akapokea kahawa, akapokea kisu, na kabla hajakitoa kitambaani vizuri, Daktari alikuwa ameshaanza na umeme, Wakili ameshamrukia juu na mahakama, mmoja anamaliza karoti mwenzake anafungulia taarifa ya habari. Waligombana wao kwa wao mbele yake. Tabaka alisimama akitabasamu tabasamu la mtu anayepigwa picha ya kitambulisho.

Mama hakumkatiza yeyote. Alifumba jicho moja, akaangalia kisu kwa urefu, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya makali, kwa upana, polepole, kuanzia kwenye mpini. Kilipofika kwenye wekundu kikasimama. Kikarudi nyuma kidogo. Kikapita tena.

— Fundi, alisema. Hapa pekundu panakata?

Wakili alimtazama Daktari. Daktari alitazama mnara wa simu. Wembe, aliyekuwa na jibu tangu asubuhi, alilimeza na kahawa, kwa sababu swali halikuwa lake na aliyeulizwa alikuwa mume wa dada yake. Tabaka alihesabu moyoni kumi na viwili, akaona kibao, akaona geti la shule likipelekwa kwa fundi mwingine.

— Hapakati, alisema.

— Kwa nini?

— Kiini kimekaa pembeni. Nilikuwa naangalia mawimbi, sikuwa naangalia makali. Nilijua tangu jana.

Ungedhani benchi lingemhurumia.

— Mama, usimsikilize, alisema Wakili. Fundi amechoka. Hajui anachokisema.

— Wengi waliovumbua vitu hawakujua wamevumbua nini, alisema Daktari. Ndiyo maana tupo sisi.

— Tabaka, unatuangusha. Tumekutetea asubuhi nzima.

— Kazi ni yangu, Wakili, alisema Tabaka.

— Kazi ni yako. Maelezo ni yetu.

Mama alikifunga kisu kwenye kitambaa chake, akakirudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili.

— Ni kizuri, alisema. Sijawahi kuona kizuri namna hii. Wewe fundi, umewahi kukatia nini kisu ulichotengeneza?

Tabaka alifikiri kwa bidii.

— Karatasi, alisema. Na nywele za mkono.

— Jikoni kwangu hatupiki karatasi.

Wembe alikohoa kahawa ikatokea puani. Mama alimsubiri amalize.

— Vile kumi na viwili bado navihitaji, alisema. Lakini sitaviagiza kwa mtu asiyejua kisu kinateseka vipi. Kesho saa moja asubuhi uje. Nina gunia la vitunguu. Ukilimaliza, utanionyesha wewe mwenyewe makali yanatakiwa yakae wapi, halafu tutaongea. Usipokuja, sitakulaumu, mageti nayo ni kazi.

Akamaliza kahawa, akashukuru, akachukua kapu lake na kuondoka. Alikuwa hajafika hata kwenye kona benchi lilipolipuka. Wakili alisema huyo si mpishi mkuu, mpishi mkuu hawezi kuvaa kandambili, na hilo linaweza kuthibitishwa. Daktari alisema kandambili ndizo zilizoharibu kila kitu, umeme wake ulikuwa umeshaishia chini kabla hajagusa kisu. Wakili alisema kumpa fundi gunia la vitunguu ni udhalilishaji, kuna kifungu chake. Daktari aliuliza kifungu cha ngapi. Wakili alisema vipo viwili.

Wembe alisogea, akamwachia shemeji yake nafasi. Tabaka akakaa. Alikuwa na kisu mapajani, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya hesabu ngumu, ya mambo ambayo hakufundishwa na yeyote aliyemfundisha chuma.

— Hivi, alisema, kitunguu kinaanza kukatwa upande gani? Wa mizizi, au ule wa juu?

Wakaangalia vikombe vyao. Wembe alikuna kidevu, yeye ambaye tangu azaliwe amekula vitunguu vilivyokatwa na mama yake, na dada yake na mke wake. Daktari alianza na neno umeme, akaliacha njiani. Kikombe cha Wakili kilikuwa kitupu. Alimnyooshea Mzee Birika, na Mzee Birika akainamisha birika mpaka mwisho, likatoa mashapo ya kahawa na hewa.

— Inategemea, alisema Wakili.

Na kwa mara ya kwanza tangu mlango ule uwe benchi, hakuna aliyebisha, wala aliyemuuliza inategemea nini.