Kome wa Katikati: Risala ya Wanakisomo wa Ghala la Chupa

Leo ni Jumatano, tarehe kumi na tisa, mwezi wa tatu, mwaka elfu mbili na ishirini na tano.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi wa Idara ya Kisomo cha Watu Wazima, viongozi mlioandamana naye, Mkuu wa Kituo hiki cha Utafiti wa Bahari, Bwana Itifaki, mwalimu wetu, majirani, na watoto mliokuja kuhakikisha kama kweli mama zenu wanajua kusoma:

Tumetanguliza tarehe kwa kuwa darasani mwetu neno halisemwi kabla tarehe haijaandikwa ubaoni. Baada ya hapo ndipo tunasalimiana. Shikamoo, Mheshimiwa.

MAKARIBISHO

Sisi, wanakisomo wa Ghala la Chupa, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Ukuta ulio nyuma yako ulipakwa rangi jana kwa heshima yako. Tunakuomba usiuegemee, maana heshima hiyo haijakauka.

Tunakishukuru pia kibao kile kilichosimama mlangoni kikiwa kimefunikwa kitambaa cha buluu, ambacho utakifunua mara tu baada ya risala hii. Kitambaa kimeshonwa na mwenzetu, Fundi Mapazia. Aliletewa kibao nyumbani akipime. Miaka miwili iliyopita angepima na kushona, basi. Safari hii alipima, akasimama, akasoma. Alipokuja darasani jioni ile hakukaa kitini.

Hata hivyo, Bwana Itifaki ametufahamisha kwamba yaliyoandikwa kwenye kibao hayajatangazwa rasmi, na kwamba jambo lisilotangazwa halipo. Sisi ni watiifu. Tunangoja kwa hamu kujua kibao kinasema nini.

HISTORIA YA DARASA

Darasa letu lilianzishwa na dobi. Mama huyo alijifunza kusoma katika darasa la chumba cha kufulia, kule hospitali ya mlimani. Binti yake alipojifungua, mama akahamia mtaa huu kumlea mjukuu, na hakuweza kukaa bila ubao. Akamwendea mlinzi wa kituo hiki akamwomba chumba chochote chenye taa. Chumba kilichokuwa na taa ni hiki, ambamo watafiti wanahifadhi chupa za matope na viumbe kutoka vilindini mwa bahari. Mpaka leo tunasoma tukitazamwa na minyoo.

Idara yako, Mheshimiwa, ilituahidi vitabu, na haikutusahau. Sanduku lilifika. Tulilifungua kwa vigelegele, tukakuta nakala arobaini za Mwongozo wa Kutunza Vitabu. Tumezitunza vizuri sana.

Basi mwalimu wetu, mtafiti wa kituo hiki, ambaye ofisini wanamwita Daktari na sisi tunamwita Binti Kome, akatuletea kijitabu alichowaandikia wageni wa kituo. Wenzetu kwingineko huanza na neno “baba” au “meza”. Sisi neno letu la kwanza lilikuwa “kome”, na sentensi yetu ya kwanza ilikuwa “Kome wa vilindini halijui jua.”

Kwa faida ya wageni, tunaomba tueleze kidogo. Chini kabisa baharini, kwenye giza na baridi, kuna mahali ambapo gesi hupenya polepole kutoka ndani ya ardhi. Mahali hapo panaitwa chemchemi baridi. Kuna kome, viumbe wa baharini wenye magamba mawili, na minyoo ya mirija wanaoishi hapo kwa kufuga bakteria ndani ya miili yao. Bakteria hao hutumia gesi na kemikali za hapo kutengeneza chakula, na mwenyeji hupata riziki yake. Nje ya chemchemi, riziki hiyo haipo. Na kome mzima akishajishikiza hahami mbali, wala mnyoo hatoki katika mrija wake. Chemchemi moja inaweza kuwa mbali mno na nyingine.

Hapo ndipo mpishi wa kantini aliponyoosha mkono.

“Mwalimu, hawa wa huku na wale wa kule wanajuanaje, ikiwa hakuna anayetoka?”

“Wazazi hawatoki, mama. Watoto ndio wanaotoka. Wakiwa viluwiluwi, wadogo kuliko nukta, wanachukuliwa na mikondo ya maji.”

“Bila nauli?”

“Bila nauli. Wengine hawana hata mdomo. Wanabeba akiba ndani ya mwili, kama kiini cha yai. Wengine wana mdomo, hupanda juu karibu na uso wa bahari, wakala huko, wakaelea hata zaidi ya mwaka.”

“Wanafika?”

“Wengi hawafiki. Lakini wachache wakifika, inatosha. Ukipima damu zao unakuta ni ndugu.”

“Basi hao ndio wakwe zangu,” akasema mpishi. “Hawana nauli, hawana taarifa, na wakifika hawaondoki.”

Darasa liliahirishwa kwa sababu ya kicheko. Lakini somo liliingia.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mafanikio ni mengi. Mpishi sasa anasoma maelezo ya dawa za mama yake, na amegundua kwamba kijiko kimoja hakikuwa vijiko vitatu. Ameandika pia barua yake ya kwanza, kwa mwanawe aliyeenda mbali kutafuta kazi. Kwa kuwa maneno aliyokuwa nayo ni ya kijitabu chetu, aliandika hivi: “Mwanangu mpendwa, je, umejishikiza mahali penye chakula? Akiba uliyoondoka nayo haijaisha? Mkondo ukigeuka, rudi.” Kijana alijibu kwamba hakuelewa yote, ila alilia.

Mimi ninayesoma risala hii nilikuwa nikiitwa shuleni kwa mwanangu na kuweka kidole gumba palipoonyeshwa. Mwaka jana niliomba kalamu. Mwalimu mkuu akasema, “Mama, kidole kinatosha.” Nikamwambia, “Kinatosha kwako, mwanangu.” Nikaandika jina langu lote, hadi la babu.

Lakini fanikio tunalojivunia kuliko yote ni lile ambalo taarifa ya Idara imelitaja kwa jina lingine. Mlinzi aliyetupatia chumba alijiunga na darasa, akahitimu, akahamishiwa kazi kwenye tanuri la matofali ng'ambo ya mto. Huko akafungua darasa. Mafuriko yalipolisambaratisha darasa lile, wanafunzi wetu wawili walihamia huko kwa shughuli zao wakaliamsha tena. Dobi mwanzilishi alirudi mlimani mjukuu alipokua, akalikuta darasa la hospitali limebaki na ubao na buibui, akaanza upya kwa mbinu alizozipata hapa. Vilevile huku kwetu kila msimu wanaingia wapya kutoka pande zote mbili.

Taarifa ya Idara imeandika: “Ghala la Chupa: wanafunzi wachache, utoro mkubwa.”

Mheshimiwa, hatubishani na taarifa. Tunasema tu kwamba mtu akikaa karibu na chemchemi moja na kuhesabu viluwiluwi wanaoondoka, naye ataandika utoro mkubwa.

CHANGAMOTO

Sehemu hii ilikuwa ndefu. Bwana Itifaki, ambaye ni mtu muungwana na ana kalamu nyekundu isiyokauka, aliipitia akatuita pembeni.

“Mama zangu, changamoto zisizidi mbili. Na zisiwe zinazomhusu mgeni rasmi.”

“Sasa zimhusu nani, baba?” akauliza Fundi Mapazia.

“Zihusu, tuseme, hali ya hewa. Na ile aya ya kufunga darasa itoke.”

“Ile aya ndiyo risala yenyewe.”

“Itoke, mama. Ya kome inaweza kubaki. Kome hawana ubaya wowote.”

Tumetii. Changamoto ya kwanza ni hali ya hewa. Ni mbaya.

Changamoto ya pili ni ya kome. Wataalamu wanatuambia kuwa chemchemi nyingine ni kubwa, zimejaa kome kama mkeka, na nyingine ni ndogo, unaweza kuzipita usizione. Lakini ndogo ikiwa katikati huwa kituo cha mapumziko. Kiluwiluwi kisichoweza kuvuka umbali wote kwa akiba yake hutua hapo, hukua, huzaa, na ni watoto wake wanaoendelea na safari. Ukiiziba ya katikati, wa upande huu na wa upande ule hawafi siku hiyo. Wanaendelea kuonekana wazima. Lakini maafa yakiufika upande mmoja, hakuna wa kuja kuujaza. Watakwisha pole pole, na atakayekuja kuandika taarifa atashangaa sababu, kwa maana ile ya katikati haikuwa na kome wengi.

Tuseme, kwa mfano tu, atokee kiongozi wa vilindini, mwenye nia njema na bajeti. Akusanye kome wa chemchemi tatu, moja ya mlimani, moja ya katikati na moja ya ng'ambo ya mto, awajengee kituo kimoja kikubwa chenye vigae, umbali wa kupanda mabasi mawili kutoka kila mahali. Akipiga hesabu, idadi ni ileile. Tatizo, Mheshimiwa, ni kwamba kome mzima hahami. Ana watoto wa kupikia, ana zamu, ana magoti. Na kituo kile, kwa uzuri wake wote, hakiko kwenye mkondo.

Hayo ni ya kome. Tumezingatia agizo.

MAOMBI

Ombi letu ni moja. Tunakuomba, Mheshimiwa, utakapokisogelea kibao kile, usikifunue leo. Kitambaa kimeshonwa vizuri, kinastahili kukaa. Fundi Mapazia amejitolea kushona kingine cha akiba endapo mvua itakiharibu hiki. Na kama Idara ina vibao vingine vya namna hiyo, ataleta sindano mwenyewe, bure.

Iwapo ratiba inakulazimisha kufunua, basi tunaomba usikisome wewe. Turuhusu tukisome sisi, kwa pamoja na kwa sauti, mbele ya watoto wetu, ili mjue kazi ya chumba hiki ilikuwa nini.

HITIMISHO

Tunakutakia afya njema, safari salama, na mikondo ya kheri. Mwenyezi Mungu akujalie kutua kila mara mahali penye chakula, wewe na kizazi chako.

Nakala ya risala hii tumekuandikia kwa mikono yetu, kila mmoja mstari wake, ndiyo maana miandiko haifanani. Tunajua ofisi yako ina makabati mengi. Tunakuomba usiiweke humo. Risala hii haina mdomo wa kujitetea. Ina akiba kidogo tu iliyoondoka nayo hapa. Ikiwa kwako haitapata pa kujishikiza, usiitupe. Mpe dereva wako. Dereva ampe mkewe. Mkewe ampe jirani asiyejua kusoma, pamoja na mtu wa kumsomea.

Wengi hawafiki. Mmoja akifika, inatosha.

Ni sisi,
Wanakisomo wa Ghala la Chupa