Syokau wa Kupima Watoto

Wasikilizaji wapendwa, jambo hili bado halijatuingia akilini. Daktari Syokau Kivuva ametutoka. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Jumanne asubuhi alikuwa mzima, anakimbia na watoto uwanjani. Kufikia saa sita mchana, hatukuwa naye tena.

Hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtafiti. Alichunguza jinsi watoto wanavyokimbia, wanavyoruka na kudaka mpira. Kule mtaani Kiandutu walimwita Syokau wa Kupima Watoto.

Mutheu, mdogo wake, aliishi naye mtaa wa Ngoingwa. Anakumbuka jioni moja Syokau aliporudi akakaa mezani bila kugusa chakula. Alikuwa amempima msichana wa miaka saba kwenye fleti za jirani. Mtoto ana afya, anakula vizuri. Lakini hakuweza kusimama kwa mguu mmoja hata sekunde tatu.

"Si mgonjwa, Mutheu," alisema. "Hajawahi kuachiliwa acheze."

Kesho yake alimwendea mzee Gachau, msimamizi wa fleti hizo, kuomba watoto wacheze mahali pa kuegesha magari. Gachau alikataa katakata.

"Daktari, wakivunja kioo nitalaumiwa mimi."

Syokau hakubishana. Alirudi Jumamosi nne mfululizo, akacheza na watoto nje ya lango kwa mpira wa makaratasi usioweza kuvunja kitu, akamfundisha na Gachau kuutengeneza. Jumamosi ya tano, Gachau mwenyewe aliwaomba wenye magari wayasogeze, na tangu hapo Syokau akawa anakuja kila Jumamosi.

Sasa, Jumanne hiyo. Alikuwa shule moja huko Mwiki, Ruiru. Aliwapanga watoto kumi, akawaambia wasimame kwa mguu mmoja, akabonyeza saa ya kuhesabu sekunde. Kisha akaketi nyasini. Mwalimu Cindy alidhani anapumzika. Alipomgusa bega, Syokau hakuitika.

Mutheu alikuwa akianika nguo simu ilipolia.

"Nilimwambia mwalimu amekosea namba," anasema. "Nikamwambia huyo si wangu. Wangu hukimbia kilomita tano kila asubuhi."

Mshipa wa damu ulikuwa umepasuka kichwani. Wiki mbili alikuwa akiumwa kichwa. Wiki mbili, akisema ni jua tu.

Na Cindy alimweleza Mutheu jambo moja zaidi. Watoto wale hawakushusha mguu. Walikuwa wameshikana mabega, wengine wakilia, wakimngoja Syokau aseme imetosha.

Jana mzee Gachau alifika matangani.

"Sasa Jumamosi atakuja nani?" akamuuliza Mutheu.

"Mpira wa makaratasi unatengenezwaje?" Mutheu akamuuliza. Wakaketi, Gachau akamwonyesha.

Kwako Mutheu, kwa mama yenu kule Ngoliba, na kwa walimu wa Mwiki, poleni sana. Mungu awashike mkono.

Na wewe unayetusikiliza, kama kichwa kinakuuma wiki ya pili sasa, usiseme ni jua. Nenda ukapimwe. Na kama mtoto wako amekaa hapo kwenye kochi tangu atoke shule, mfungulie mlango. Toka naye.